Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu mbadala: kabla ya kuuliza kituo kimefaulisha wangapi, ulizeni kimempokea nani

Kwa viongozi wenye dhamana ya elimu ya sekondari kwa njia mbadala,
Wizarani, mkoani na katika halmashauri.

YAH: KUPIMA MATOKEO YA VITUO VYA ELIMU MBADALA PAMOJA NA AINA YA WANAFUNZI WANAOSOMA HUMO

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati. Nilifundisha shule za sekondari za kawaida kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kituo cha umma cha elimu mbadala hapa Arusha, ambako masomo huanza saa kumi jioni, wanafunzi wa kutwa wanapokuwa wametoka na kutuachia madawati yao. Kilichonifanya niandike ni jedwali. Katika kikao kimoja cha tathmini ya matokeo ya Kidato cha Nne, vituo vya aina yetu vilipangwa katika orodha moja na shule za kutwa na za bweni, kwa kigezo kimoja tu cha asilimia ya waliofaulu, na kituo chetu kikawa karibu na mkia. Tuliulizwa tumefanya nini mwaka mzima. Kisha tukashauriwa, kwa nia njema bila shaka, kwamba tuanze kuchuja watu wakati wa kuandikisha. Sikujibu siku ile, kwa kuwa dakika tatu nilizopewa zisingetosha hata kueleza ni nani hasa tungemchuja.

Ukurasa wa matokeo wa Baraza la Mitihani unaonyesha namba ya mtahiniwa, daraja lake na alama za kila somo, lakini kuhusu mtu mwenyewe unajua jambo moja tu, nalo ni jinsi yake. Hauna umri wake, hauna idadi ya miaka aliyokaa nje ya shule, wala hausemi kama aliwahi kufika Kidato cha Pili. Kwa shule ya kawaida upungufu huo si mkubwa, kwa sababu waliokaa katika chumba kimoja wanakaribiana umri na waliingia Kidato cha Kwanza mwaka mmoja. Kwetu upungufu huo ndio habari yote.

Yupo mama wa watoto wawili anayechuma maua katika mashamba ya upande wa Usa River, ambaye wanafunzi wadogo humwita mama naye huitika bila kuona haya. Aliacha shule kwa ujauzito, katika miaka ambayo kurudi hakukuruhusiwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliokuja na tangazo la Serikali la Novemba 24 mwaka huo, ulifungua mlango kwa wasichana kama yeye, na sisi tuliokuwa tukiwaona wakisimama nje ya uzio na vichanga mgongoni tuliufurahia kuliko mnavyoweza kudhani. Hata hivyo utaratibu wa kurudi katika shule ya kawaida umewekewa muda wa miaka miwili, na kwake muda huo ulikuwa umekwisha kupita zamani. Mlango uliobaki ulikuwa wetu.

Wapo vijana waliorudi kutoka migodi ya tanzanite ya Mererani, ambako waliingia mashimoni wakiwa watoto kama nyoka, jina wanaloitwa wale wanaopitishwa katika vijia vyembamba ambavyo mtu mzima hapenyi. Hawa wanaijua asilimia kwa mgao wa mawe kabla ya kuijua kwa kitabu, na nikiri kwamba mara mbili wamenisahihisha. Wapo wapagazi wa Kilimanjaro na Meru wanaotaka cheti ili waweze kusomea uongozaji wa watalii. Wapo waendesha toyo, yaani bodaboda, wa Kijenge na Sakina, wapo wadada wa kazi wanaoruhusiwa na waajiri wao kutoka kwa saa mbili tu, na yupo msichana aliyekimbilia mjini kutoka upande wa Longido baada ya mahari kupokelewa nyumbani kwao. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamtishia anayemwoa mwanafunzi kifungo cha miaka 30, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini sheria hiyo haimtafutii shule yule aliyekwisha kukimbia.

Halafu lipo kundi la mwisho, ambalo ni tofauti kabisa, nalo ni la wanaorisiti, yaani wanaorudia mtihani. Hawa walimaliza Kidato cha Nne katika shule ya kawaida mwaka mmoja au miwili iliyopita, wakapata daraja la nne au sifuri, na sasa wanatafuta C tatu ili waende Kidato cha Tano. Wanaishi kwa wazazi wao, madaftari yao ya zamani bado wanayo, na Kiingereza cha darasani hakijawatoka masikioni. Sina ugomvi nao, kwani nao wana haki ya kusoma. Ninalosema ni kwamba kumweka mwanafunzi huyu na yule mama wa maua katika asilimia moja ni sawa na kupima mwendo wa basi la Moshi na wa kifodi, daladala ya mjini, cha Unga Limited kwa saa ile ile, kisha kumlaumu dereva wa kifodi.

Nikiwa mwalimu wa Hisabati, naomba mnivumilie ubaoni kidogo. Mfano huu ni wa kubuni, ila umbo lake mtalikuta katika daftari la mahudhurio la kituo chochote. Tuseme mwaka wa kwanza kituo kina watahiniwa 40. Kati yao 20 wanarisiti na 12 wanafaulu, yaani asilimia 60. Wengine 20 ni wa kuanzia chini kabisa, na 4 wanafaulu, yaani asilimia 20. Kwa jumla wamefaulu 16 kati ya 40, ambayo ni asilimia 40. Mwaka wa pili walimu wamejitahidi. Wanaorisiti wamepungua na kuwa 10, na kati yao 7 wamefaulu, asilimia 70. Habari zimeenea mitaani kwamba kituo kinawapokea watu bila kuwaaibisha, hivyo wa kuanzia chini sasa ni 40, na 10 wamefaulu, asilimia 25. Kila kundi limepanda. Jumla lakini ni 17 kati ya 50, ambayo ni asilimia 34, na kituo kinaitwa kwenye kikao kueleza kwa nini kimeshuka.

Sasa rudini kwenye ushauri wa kuchuja. Kituo kile kikiwafungia mlango wale 40 na kubaki na wanaorisiti peke yao, asilimia itapaa mwaka huo huo bila mwalimu yeyote kufundisha vizuri zaidi, na kitapongezwa. Hili silitabiri, nimeshaliona likianza. Mwalimu anayejua kwamba atapimwa kwa asilimia huanza, polepole na bila kumwambia mtu, kumuuliza mwombaji maswali ambayo fomu haina: una mtoto, unafanya kazi wapi, uliacha shule mwaka gani. Anayejibu kwa unyoofu huambiwa nafasi zimejaa. Na upande wa pili wa uzio wapo wakuu wa shule za kawaida wanaomshauri mwanafunzi dhaifu wa Kidato cha Tatu kwamba ingemfaa zaidi kujisajili nje kama mtahiniwa wa kujitegemea, ili asije akaharibu wastani wa shule. Nilipokuwa huko nilikaa katika vikao ambamo ushauri wa namna hiyo ulitolewa, na sikupinga. Kigezo kimoja kinamtoa mtu huku na kumzuia asiingie kule.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kitaifa. Wengi walilalamika, mimi nilishukuru. Lakini orodha hazikufa. Zimeshuka tu kwenye mikoa na halmashauri, zinabandikwa ubaoni na kusomwa kwa sauti kwenye vikao, na safari hii vituo vyetu vimo.

Kuna mambo matatu ya kitaalamu ambayo jedwali haliyasemi, na ambayo nyinyi mnayajua kuliko mimi. Mwanafunzi wetu anasoma kwa miaka miwili kile ambacho wa kawaida anakisoma kwa minne: hatua ya kwanza ni ya Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa mwaka mmoja, na ya pili ni ya Kidato cha Tatu na cha Nne kwa mwaka mwingine, na kati ya hizo ambaye hakupita Kidato cha Pili shuleni lazima avuke Mtihani wa Maarifa, huo tunaouita QT. Pili, wa shule ya kawaida anaingia chumba cha mtihani akiwa na alama za tathmini endelevu mkononi, zinazochangia asilimia 30 ya alama yake ya mwisho, ilhali wa kwetu, ambaye ni mtahiniwa wa kujitegemea, anahesabiwa kwa karatasi ya Novemba peke yake. Tatu ni lugha. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza cha Kidato cha Kwanza kwa muda mfupi, kisha akakaa miaka saba akichuma maua, harudi darasani akiwa na upungufu wa Jiografia au wa Uraia. Anarudi akiwa hawezi kusoma swali. Miezi minne ya kwanza, hata mimi wa Hisabati, nafundisha maana ya maneno ya Kiingereza yaliyo katika swali kabla ya kugusa namba, na hakuna safu ya jedwali inayonipa alama kwa kazi hiyo wala silaumu kwamba haipo. Nalaumu tu kwamba kazi yenyewe huhesabiwa kama muda uliopotea.

Tazameni pia jinsi madaraja yanavyohesabiwa. Alama ya D inaanzia 30. Mtahiniwa hutoka kwenye sifuri akipata D mbili, au C moja. Mwenye D moja na F katika masomo mengine anafikisha pointi 34, na hiyo ni sifuri. Kwa hiyo yule aliyeingia kwetu akiwa hawezi kusoma aya ya Kiingereza, akatoka na D ya Historia, anaandikwa sawasawa na mtu aliyerudisha karatasi tupu. Sisemi apewe cheti asichostahili, maana cheti kina heshima yake na waajiri wanakitegemea. Nasema kwamba ikiwa nia ni kukipima kituo, basi kile alichokuja nacho mtu huyu na kile alichoondoka nacho vyote viwili viwe mezani.

Mahudhurio yetu nayo yana kalenda isiyofanana na ya shule. Mvua za masika zinapoanza Machi na kambi za watalii zikapunguza watu, darasa langu hujaa hadi wengine wanakaa dirishani. Juni watalii wakirudi, wavulana wanaanza kupungua. Safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame ni siku 6 au 7, hivyo mpagazi aliyepata safari mbili katika mwezi amepoteza karibu wiki mbili za masomo, na amepata kodi ya nyumba. Wanaoishi upande wa Tengeru siwatarajii Jumatano, siku ya soko. Anayekuja kutukagua Agosti atasema tuna utoro sugu, na anayekuja Aprili atatusifu, wakati kituo ni kile kile na mwalimu ni yule yule. Tumeomba ratiba ya masomo ipangwe upya ili mada ngumu zifundishwe masika, lakini bado tunafuata mihula ya shule za kutwa kwa sababu majengo ni yao.

Msije mkadhani naandika ili tusipimwe. Kigezo hicho hicho kinachotuonea ndicho kinachotuficha, na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Asilimia ya ufaulu inakokotolewa kwa waliofanya mtihani. Aliyejiandikisha Januari, akahudhuria hadi Mei, kisha akatoweka, haonekani mahali popote, na aliyesajiliwa lakini hakutokea Novemba ameandikwa ABS na kuishia hapo. Kituo kinaweza kupoteza watu wengi sana njiani na bado kikatoa asilimia nzuri kwa wachache waliosalia. Sisi wenyewe tumepoteza watu ambao hatukuwatafuta. Simu ilipigwa mara moja, haikupokelewa, jina likakatwa kwa wino mwekundu. Wapo pia walimu wanaojificha nyuma ya wanafunzi wao, wanaoingia darasani wamechelewa nusu saa na kusema kwamba kwa watu wa namna hii hata ukifundisha vipi. Somo langu ni miongoni mwa yanayofanya vibaya zaidi, na sehemu ya sababu ni mimi: mwaka wa kwanza nilifundisha kama nilivyokuwa nikifundisha watoto wa bweni, nikiwapa kazi za nyumbani watu wasio na taa wala meza. Aina ya wanafunzi inaeleza mengi, lakini haielezi uzembe, na jedwali zuri lingenibana mimi zaidi kuliko hili la sasa.

Jambo hili si geni duniani. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inayataka majimbo kuzibaini shule za sekondari za umma ambazo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi hawahitimu, na kigezo hicho kiliziangukia shule za umma za njia mbadala, ambazo kazi yao ni kuwapokea walioachwa na shule nyingine. Jimbo la California likaweka utaratibu wake wa ndani kuanzia mwaka wa masomo 2017/18: shule hupewa hadhi ya shule mbadala ikiwa angalau asilimia 70 ya wanafunzi wake ni wa makundi yaliyo hatarini, kama waliofukuzwa kwingine, waliokatisha masomo, au wenye ujauzito na watoto. Shule hizo zilipewa pia njia nyingine ya kuhesabu wahitimu, inayowaangalia waliofika darasa la mwisho kwa mwaka mmoja, badala ya kuwahesabu wote walioanza miaka minne nyuma. Utaratibu huo una wakosoaji, wanaosema shule inaweza kujificha humo, na wasiwasi wao ndio wangu pia. Ninachokichukua kwao ni hatua ya kwanza tu: kabla ya kupima, walikubaliana kuandika ni nani yumo.

Kwetu kuandika huko hakuhitaji fedha nyingi. Mradi wa Serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake wa dola milioni 500 mwaka 2020, umekwisha kuwarudisha wasichana darasani kwa njia mbadala, na fomu zake zinauliza maswali mengi kuliko haya ninayoyataka. Naomba kila mwanafunzi anapoandikishwa iandikwe alifika kidato gani, alikaa nje ya shule miaka mingapi, kama anarisiti au anaanza, na kama ana mtoto au kazi inayomlazimu kukosa siku fulani. Taarifa za mtu binafsi zibaki kituoni, maana mji huu ni mdogo na watu wanajuana. Zinazotoka ziwe jumla za makundi. Kisha matokeo ya kituo yasomwe kwa makundi hayo, yakiambatana na hesabu ya walioandikishwa, waliosajiliwa kwa mtihani na walioufanya. Na orodha inayotulinganisha na shule za kutwa iondolewe kabisa, si kwa kutuonea huruma, bali kwa kuwa haina swali inalojibu.

Kuhusu kuchuja, naomba itoke kauli ya maandishi kwamba kituo cha umma cha njia mbadala hakimkatai mtu kwa sababu ya umri, mtoto, kazi au miaka aliyokaa nje. Wanaorisiti waendelee kupokelewa, ila nafasi zao zisile nafasi za wasio na mahali pengine pa kwenda; kama madawati ni machache, na kwetu ni machache, ijulikane mapema ni nani anatangulia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeongeza elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Hiyo ina maana kwamba siku zijazo kila atakayeanguka kabla ya mwaka wa kumi atakuwa deni la Serikali, na sehemu kubwa ya deni hilo italetwa kwenye vyumba tunavyoazima jioni.

Ada ya mtihani nitaigusa kwa ufupi, maana imeandikwa na wengi. Mtahiniwa wa shule ya Serikali halipi, ilhali wengi wa watahiniwa wa kujitegemea wanalipa, na usajili wao huangukia mwanzoni mwa mwaka, wakati ambapo kila mzazi ananunua sare na madaftari. Yule mama wa maua mwaka fulani alilipia sare ya mwanawe wa darasa la kwanza, akaacha kujisajili yeye. Katika jedwali la mwaka ule hakufeli, wala hakufaulu.

Usajili mwingine unakaribia, na baada yake kutakuwa na kikao kingine. Nitakuja na daftari letu, limegawanywa kwa makundi niliyoyataja, pamoja na majina yaliyokatwa kwa wino mwekundu na sababu ya kila moja kwa kadiri nilivyoweza kuipata kwa simu na kwa miguu. Naomba jedwali la siku hiyo liwe na nafasi ya kuyaandika. Na mkitaka kuja kwanza kujionea, milango hufunguliwa saa kumi jioni. Njooni Aprili na mrudi tena Agosti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati,
Kituo cha elimu ya sekondari kwa njia mbadala,
Arusha.